Anders Ekeberg: Mwalimu aliyeipa jina tantali, metali ya Masisi inayokaa motoni ndani ya injini za ndege

Kila gunia la koltani linaloshushwa kutoka vilima vya Rubaya, wilayani Masisi, limebeba jina lililotolewa mwaka 1802 na mwalimu wa kemia wa mji wa Uppsala, Sweden. Mwalimu huyo ni Anders Gustaf Ekeberg. Alikuwa na umri wa miaka 35, masikio yake yalikuwa mazito tangu utotoni, na jicho lake moja lilikuwa limepofuka mwaka mmoja tu kabla.

Neno koltani limeunganishwa kutokana na majina ya mawe mawili, kolumbaiti na tantalaiti. Hilo la pili ni lake.

Ekeberg hakuwahi kuishika mkononi metali safi aliyoipa jina, wala hakujua kama jiwe la aina hiyo limo katika vilima vya Kivu. Leo tantali imo ndani ya simu na kompyuta, na imo pia katika mapanga ya injini za ndege, yale yanayosukumwa na gesi ya moto kwa maelfu ya saa bila kukatika. Jinsi ilivyofika huko ni habari ndefu, na inaanza na maisha ya mtu huyu.

Mtoto wa Stockholm

Ekeberg alizaliwa Stockholm Januari 16, 1767. Akiwa mtoto alipata ugonjwa uliomharibu masikio, na kadiri miaka ilivyokwenda usikivu wake ulizidi kupungua. Hata hivyo alisoma, akahitimu Chuo Kikuu cha Uppsala mwaka 1788, kisha akaenda Berlin kujifunza kwa Martin Heinrich Klaproth, mmoja wa wakemia hodari wa kupima madini katika Ulaya ya wakati huo.

Kwa Klaproth alijifunza kazi isiyo na haraka. Jiwe linasagwa, linachemshwa kwa asidi, linachujwa, linakaushwa, linapimwa kwenye mizani, kisha kila kilichobaki kinapimwa tena. Hesabu ikipungua, kuna kitu kimepotea au kuna kitu kipya hakijajulikana. Hakukuwa na mashine ya kumwambia mtu jibu.

Mwaka 1794 alianza kufundisha kemia Uppsala. Kiti cha uprofesa kilikuwa cha Johan Afzelius, naye Ekeberg akabaki katika kazi ya kuwaonyesha wanafunzi majaribio. Miongoni mwa vijana waliopita katika maabara hiyo alikuwemo Jöns Jacob Berzelius, ambaye baadaye alikuja kuwa mkemia mashuhuri kuliko wote nchini humo.

Kemia kwa lugha ya nyumbani

Wakati Ekeberg anaanza kufundisha, kemia mpya ya Mfaransa Antoine Lavoisier ilikuwa imebadilisha majina karibu yote ya somo hilo. Wanafunzi wa Sweden waliyakuta majina hayo katika Kifaransa na Kilatini.

Mwaka 1795 yeye na Pehr Afzelius walitoa pendekezo la majina ya kemia kwa Kiswidi. Hawakuchukua maneno ya kigeni na kuyabandika tu. Haidrojeni, oksijeni na naitrojeni zilipewa majina yaliyotokana na maneno ya Kiswidi chenyewe, na Waswidi wanayatumia mpaka leo shuleni. Msomaji wa Kiswahili anayefuatilia mjadala wa kufundisha sayansi kwa lugha ya mtoto ataona kwamba jambo hilo si geni duniani.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1797, alichunguza jiwe jeusi kutoka Ytterby, kijiji cha machimbo karibu na Stockholm. Johan Gadolin alikuwa amekwisha kusema kwamba ndani yake mna kitu kipya. Ekeberg alirudia vipimo, akathibitisha, akakiita kitu hicho itria kwa kukumbuka kijiji hicho. Mwaka 1799 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Sweden.

Jicho moja, jiwe jipya

Mwaka 1801 chupa ya maabara ililipuka mkononi mwake, na jicho moja likapoteza uwezo wa kuona. Mtu asiyesikia vizuri sasa alikuwa anaona kwa upande mmoja, na kazi yake ilikuwa kutazama rangi ya unga, ukungu wa kimiminika na alama za mizani.

Hakuacha. Mwaka uliofuata alikuwa na mawe mawili mezani, moja kutoka Kimito nchini Finland, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Sweden, na jingine kutoka Ytterby. Katika yote mawili alipata unga mweupe mzito ambao haukufanana na kitu chochote alichokijua. Aliutia katika asidi, haukuyeyuka. Akabadilisha asidi, akaongeza kiasi, akachemsha, unga ukabaki vilevile.

Ndipo alipokumbuka kisa cha Kigiriki cha Tantalus, aliyeadhibiwa kusimama ndani ya maji yanayomfika kidevuni huku akifa kwa kiu, kwa sababu kila alipoinama kunywa maji yalimkimbia. Unga ule ulikaa katikati ya asidi bila kuinywa. Akaiita metali iliyomo ndani yake tantali, na lile jiwe la Kimito akaliita tantalaiti.

Ndugu wawili waliochanganywa

Ekeberg hakujua kwamba mwaka 1801, huko London, Charles Hatchett alikuwa ametangaza metali mpya aliyoipata katika jiwe la Marekani lililokuwa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho. Aliiita kolumbi. Leo tunaiita niobi.

Tantali na niobi hufanana mno kikemia, na mara nyingi hukaa ndani ya jiwe moja. Mwaka 1809 Mwingereza William Hyde Wollaston alilinganisha sampuli za pande zote mbili, akahukumu kwamba ni metali moja. Uzito wa mawe hayo ulitofautiana wazi, lile la Ekeberg likiwa zito zaidi kwa ujazo uleule, lakini Wollaston aliona tofauti hiyo haitoshi kuwatenganisha. Jina lake lilikuwa kubwa, na wengi wakamfuata.

Ekeberg alifariki Uppsala Februari 11, 1813, akiwa na umri wa miaka 46, kabla ugomvi huo haujaamuliwa. Mwaka 1844 Mjerumani Heinrich Rose alionyesha kwamba kweli kuna zaidi ya metali moja. Rose ndiye aliyeleta jina niobi, kutokana na Niobe, binti wa Tantalus katika kisa kilekile. Mwaka 1866 Jean Charles Galissard de Marignac wa Geneva alipata njia ya kuzitenganisha kwa kutumia fuwele za floridi, na njia yake ikatumika viwandani kwa karibu miaka 90.

Metali yenyewe iliendelea kuwa ngumu kupatikana. Tantali safi kiasi cha kuvutika kuwa waya ilipatikana mwaka 1903, mikononi mwa Werner von Bolton aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Siemens & Halske, Berlin. Ilikuwa imepita miaka 101 tangu siku za Ekeberg. Waya huo uliingia katika balbu za umeme kwa miaka michache, mpaka wolframi ilipochukua nafasi yake.

Joto la siku moja, joto la miaka kumi

Wilaya za Masisi na Walikale zinapakana, na madini yao yanatoa mfano mzuri kwa anayetaka kujua metali huchaguliwaje kwa kazi ya moto. Walikale ina Bisie, chimbuko kubwa la kasiteriti, jiwe linalotoa bati. Bati huyeyuka kwenye nyuzi joto 232 za Selsiasi, joto ambalo kikaango cha mafuta hukaribia. Tantali ya Masisi huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 3,000.

Mtu akiambiwa achague metali ya kukaa motoni kwa hesabu hizo mbili tu, atachukua tantali tupu, na atakuwa amekosea. Tantali iliyo peke yake, ikipata joto la nyuzi mia kadhaa katika hewa, hushikana na oksijeni, ikapoteza ulaini wake na kuanza kupasuka. Ukaidi wake kwa asidi, ule uliomshangaza Ekeberg, hauikingi na hewa ya moto.

Tazama wavu wa jiko la makaa. Hakuna mpishi aliyeuona ukiyeyuka. Anachokiona ni wavu unaolegea katikati mwezi baada ya mwezi, unaotoa magamba, unaokonda, na siku moja unakatika. Joto la makaa halikufika kiwango cha kuyeyusha chuma. Muda ndio uliofanya kazi.

Kwa hiyo mhandisi anayechagua metali ya mtambo wa umeme au injini ya ndege huuliza maswali mengine. Je, ikivutwa kwa nguvu ndogo kwenye joto kali kwa miaka, itarefuka kiasi gani? Je, uso wake utajitengenezea ngozi ya kuukinga na hewa, au utamenyeka? Je, mpangilio wake wa ndani utabaki ulivyo baada ya saa 100,000, ambazo ni zaidi ya miaka 11? Na je, itaweza kuchomelewa na kurekebishwa?

Hakuna kiwanda kinachoweza kusubiri miaka 11 kila kinapotaka jibu. Mwaka 1952 Wamarekani F. R. Larson na James Miller walitoa hesabu inayounganisha joto na muda, ili majaribio mafupi kwenye joto la juu yatumike kukadiria umri mrefu kwenye joto la chini kidogo. Hesabu za namna hiyo zinaonyesha jinsi kosa dogo linavyogharimu. Kwa kawaida ya kukadiria, panga la injini likizidishiwa nyuzi 15 hivi tu, umri wake unaweza kupungua kwa nusu.

Tantali inapoingia kazini

Jibu la wahandisi lilikuwa kuichanganya. Msingi wa mapanga ya injini za ndege ni nikeli. Ndani yake hutiwa kromi, kobalti, alumini na nyingine kadhaa. Alumini husaidia kufanya ngozi nyembamba ya kuikinga aloi na hewa. Pia, ikishirikiana na nikeli, hufanya vipande vidogo sana vya umbo la mchemraba, vinavyojipanga ndani ya aloi kama matofali na kuizuia isirefuke.

Tantali huingia ndani ya matofali hayo na kuyatia nguvu. Ikiwa imezungukwa na nikeli, haifikiwi na hewa kirahisi, na udhaifu wake unafichika. Aloi moja inayojulikana sana, CMSX-4, ina tantali asilimia 6.5 hivi kwa uzito. Panga zima humiminwa kwa namna ya kuwa fuwele moja, pasiwe na mipaka ya punje ambako mipasuko hupenda kuanzia.

Kwa njia hiyo, pamoja na vitundu vya kupitisha hewa baridi na koti la kauri, panga hufanya kazi ndani ya gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,500, wakati nikeli yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,455.

Yule ndugu mwingine, niobi, naye ana nafasi yake. Aloi iitwayo Inconel 718 ina niobi kama asilimia 5, na hutumika katika sehemu za injini zenye joto la hadi nyuzi 650 hivi. Mahali pa moto zaidi huachiwa aloi nyingine, zikiwemo zile zenye tantali. Metali ambazo Wollaston alidhani ni moja zimegawiwa vyumba tofauti ndani ya injini ileile.

Swali la chimbuko

Kuna swali jingine ambalo mhandisi hawezi kulikwepa, nalo ni metali hiyo inatoka wapi. Congo imewahi kulijibu kwa njia ngumu. Mwaka 1978 vita vya Shaba vilipofika Kolwezi, bei ya kobalti duniani ilipanda mara kadhaa, na watengenezaji wa aloi nchini Marekani wakaanza kutafuta jinsi ya kuitumia kwa uchache.

Mwaka 2000 ikawa zamu ya tantali. Bei ilipaa, na watu wengi wa Kivu wakaacha mashamba na ng'ombe wakakimbilia mashimo. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na mashamba yalikuwa yamekwisha kuota magugu.

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria inayozitaka kampuni zilizoandikishwa katika masoko yake ya hisa kueleza kama bati, tantali, wolframi na dhahabu wanazotumia zinatoka Congo au nchi jirani. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na amri hiyo ikaondolewa Machi 2011. Wanunuzi wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Kwa familia zilizoishi kwa sururu na karai, miezi ile ilikuwa ya njaa. Baadaye ukaja utaratibu wa kufunga lebo kwenye magunia, na tangu Januari 1, 2021 Umoja wa Ulaya una kanuni yake kwa madini hayohayo.

Lebo hazikuondoa bunduki. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024. Septemba mwaka huo Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Congo, aliliarifu Baraza la Usalama kwamba eneo hilo hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia, na kwamba biashara yake inawaingizia waasi dola 300,000 hivi kwa mwezi. Machi 2025 vita vilifika Walikale mjini, na kampuni ya Alphamin, iliyozalisha zaidi ya tani 17,000 za bati kutoka Bisie mwaka 2024, ikasimamisha kazi kwa wiki kadhaa.

Kiwanda kilicho mbali kina njia za kujinusuru. Kinaweza kununua tantali ya Brazil au Australia, kuyeyusha mapanga yaliyochakaa, au kubadilisha kipimo cha aloi. Mchimbaji wa Rubaya, anayeingia shimoni msimu wa mvua akijua udongo unaweza kuporomoka, hana machimbo ya pili ya kuhamia. Kwa hiyo uamuzi wa kuikwepa Kivu, au wa kununua bila kuuliza, unafanywa mbali naye lakini mzigo wake unabaki kwake.

Herufi mbili

Bei ya koltani haihesabiwi kwa kilo peke yake. Mnunuzi hutaka kujua tantali ni asilimia ngapi, kwa sababu gunia lenye niobi nyingi na tantali kidogo lina thamani ndogo, hata kama kwa macho mawe yanafanana. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa mashine ya mionzi inayoshikwa mkononi, na jibu hutoka kwa muda mfupi. Mara nyingi mashine ni ya mnunuzi, na mchimbaji hana ya kwake ya kuhakikishia. Vyama vya wachimbaji vikipata kipimo chao wenyewe, mazungumzo ya bei yatakuwa ya watu wawili wanaojua.

Kwenye kioo cha mashine hiyo hutokea Nb kwa niobi na Ta kwa tantali, kila moja na namba yake. Utaratibu wa kuziandika metali kwa herufi ulianzishwa na Berzelius, mwanafunzi wa Uppsala, katika miaka ileile ambayo mwalimu wake alizikwa. Tofauti ambayo Ekeberg hakuishi kuiona ikikubaliwa sasa inasomwa kila siku ya biashara, na ndiyo inayoamua mchimbaji atarudi nyumbani na kiasi gani.